Ziara ya Ziwa Huanzia Mlimani

Mvua zinapokatika na njia za mabondeni zinapokauka, safari za kwenda kwenye maji huongezeka. Shule hupeleka wanafunzi kujifunza, vijana huenda kuvua na kuogelea, na familia huenda kupunga upepo. Kwa wakazi wa Rungwe Mpya na kata nyingine za nyanda za juu za Kigoma, maji hayo ni ya aina tatu: malambo na mabwawa yaliyochimbwa kwa ajili ya mifugo na samaki, vinamasi vya mabondeni, na maziwa yaliyo mbali zaidi, ambako mito ya vilima hivi hukusanyika.

Somo hili linaeleza namna ya kuyatembelea maji hayo kwa faida na kwa usalama. Msingi wake ni mmoja: bwawa au ziwa halijitegemei. Uzima wake huamuliwa kwenye mteremko ulio juu yake, na anayetaka kulifahamu hana budi kuanza kutazama huko.

Safari ya tone la mvua

Tone la mvua liangukalo juu ya kilima cha Kasulu lina safari ndefu. Huteremka hadi kwenye kijito, kijito huingia mtoni, na mito ya eneo hili huishia katika Mto Malagarasi. Malagarasi huanzia karibu na mpaka wa Burundi, huzunguka kwa tao kubwa katika nchi tambarare ya vinamasi, hupokea maji ya mito ya Moyowosi na Ugalla, hupita Uvinza penye chemchemi za chumvi zilizotumika tangu kale, kisha huingia Ziwa Tanganyika kusini mwa mji wa Kigoma.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, nalo ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Maji yake hutokea upande wa Kongo kwa Mto Lukuga, hujiunga na Mto Kongo na mwisho hufika Bahari ya Atlantiki. Hivyo, ingawa nchi yetu inapakana na Bahari ya Hindi, maji ya vilima vya Kigoma huelekea bahari ya upande wa pili wa Afrika. Pamoja na maji husafiri kila kilichobebwa nayo: udongo, dawa za kilimo, kinyesi na taka.

Kabla ya kufika Tanganyika, Malagarasi hupunguza mwendo na kutandaa. Hapo ndipo yalipo maziwa ya Nyamagoma na Sagara, pamoja na mafunjo na matete yanayofunika eneo kubwa. Mimea hiyo hufanya kazi ya chujio: hupunguza kasi ya maji, udongo ukatua, na samaki wakapata mahali pa kuzalia. Vilevile hushika maji ya masika na kuyaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi.

Kwa umuhimu huo, tarehe 13 Aprili 2000 Ardhi Oevu ya Malagarasi-Muyovozi, yenye hekta 3,250,000, iliorodheshwa kuwa eneo la kwanza la Tanzania chini ya Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini mwaka 1971 katika mji wa Ramsar nchini Iran. Humo huishi nzohe, swala mwenye kwato ndefu zinazomwezesha kupita penye tope, pamoja na korongo domo-kiatu, ndege mkubwa wa kijivu avuaye kambare na samaki wengine kwa mdomo wake mpana. Anayelima juu ya kilima cha Kasulu ni jirani wa viumbe hao, hata kama hajapata kuwaona.

Jinsi ya kulisoma bwawa

Si lazima kusafiri hadi Sagara ili kujifunza. Bwawa lililo karibu linatosha, endapo mgeni atasimama kwanza juu ya mteremko na kujiuliza: Je, mashamba ya mahindi, maharage na mihogo yamelimwa kwa kukingama mteremko au kwa kuufuata kutoka juu hadi chini? Je, yapo makinga maji, nyasi au miti ya kuzuia udongo? Je, ng'ombe wana njia moja ya kushukia, au hukanyaga ukingo wote?

Baada ya hapo atazame ukingo. Penye matete na nyasi nene, maji huwa na nafasi ya kuchujwa. Pasipo na mimea, ambapo jembe limefika hadi kwenye maji, mvua moja kubwa hutosha kuyageuza kuwa mekundu. Udongo huo hutua chini, kina hupungua mwaka hadi mwaka, na lambo lililochimbwa ili lifikishe mifugo mwisho wa kiangazi hukauka mapema.

Mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa chupa mbili angavu. Mtu mzima achote maji kwa kopo lililofungwa kwenye mti mrefu, bila kukanyaga majini: chupa moja kutoka penye matete, ya pili kutoka penye ukingo mtupu. Chupa zifungwe, ziachwe zikiwa zimetulia usiku mmoja, kisha unene wa tope lililotua upimwe kwa rula. Zoezi hilo likirudiwa mwanzoni mwa mvua na mwishoni mwake, darasa litakuwa na kumbukumbu yake lenyewe kuhusu hali ya bwawa la kijiji.

Hatari zisizoonekana

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Hatari ya kwanza ni kichocho. Mayai ya minyoo hii hufika majini kwa mkojo au kinyesi cha mgonjwa, huanguliwa, na vijidudu vyake huingia ndani ya konokono wa maji baridi. Baadaye hutoka kwenye konokono na kupenya ngozi ya mtu aliye majini kwa muda wa dakika chache, bila yeye kuhisi maumivu. Kuogelea, kufua na kuchota maji huku miguu imezama ni njia zinazojulikana za kuambukizwa. Mwenye damu kwenye mkojo au kinyesi, au maumivu ya tumbo yasiyokoma, afike kituo cha kutolea huduma za afya, kwani dawa ipo na ugonjwa hutibika. Kinga ya jamii nzima huanzia chooni: kinyesi na mkojo visipofika majini, mzunguko wa minyoo hukatika.

Hatari ya pili ni kuzama. Lambo lililochimbwa huwa na ukingo mkali na tope linalonasa miguu; maji yanayofika kiunoni hatua ya kwanza yaweza kupita kichwa hatua ya tatu. Watoto wasiende peke yao, hata kwa kuchunga au kuchota maji. Mtu akizama, asiyejua kuogelea asijitose, kwa kuwa wengi hufa wakijaribu kuokoa. Amrushie kamba, amnyooshee mti mrefu, au amtupie dumu tupu lililofungwa kifuniko ili alishike lielee naye, huku wengine wakiita msaada. Dumu moja na kamba vikiwekwa karibu na kila bwawa la kijiji, gharama yake ni ndogo kuliko ya msiba mmoja.

Hatari ya tatu ni mamba na viboko katika mito mikubwa na maziwa. Asiyeyajua maji hayo awaulize wenyeji kabla ya kusogea ukingoni, na aepuke kuwa hapo alfajiri, jioni na usiku.

Sheria inavyosema

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, au zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Mita hizo 60 ndizo nafasi ya matete na nyasi yaliyoelezwa hapo juu: sheria imelinda chujio.

Uvuvi wa kutumia sumu, ikiwemo ile itokanayo na mmea wa utupa, umekatazwa, kadhalika baruti. Sumu haichagui samaki mkubwa na kifaranga, na maji yaliyotiwa sumu asubuhi huenda yakanywewa na mifugo mchana. Aidha, kuingia katika Pori la Akiba la Moyowosi kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Shule au kikundi kinachokusudia kutembelea eneo hilo kiombe kibali mapema.

Maswali ya mkutano wa kijiji

Masuala haya yanaweza kujadiliwa darasani au katika mkutano wa kijiji. Kwanza, bwawa letu lilikuwa na kina gani wazee walipokuwa vijana, na leo lina kina gani? Pili, mashamba ya nani yako juu yake, na wenyewe wanahitaji msaada gani ili walime kwa kukinga maji? Tatu, mita 60 zinaishia wapi, na ni nani atakayeweka alama? Nne, choo kilicho karibu zaidi na bwawa kiko umbali gani?

Majibu yapelekwe kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, ili wataalamu wa kilimo, mifugo, uvuvi na afya washirikishwe. Swali la kwanza liulizwe mapema, wakati wazee waliokunywesha ng'ombe kwenye bwawa hilo zamani bado wapo wa kulijibu.