Mtoto albino

Baba ni mweusi, mama ni mweusi, mtoto anazaliwa na ngozi nyeupe na nywele za manjano. Majirani wananong'ona: laana! Sivyo, ni urithi. Kila mtu hupokea mbegu ya rangi kwa baba, na nyingine kwa mama. Wazazi hawa, kila mmoja ana mbegu moja nzima na moja yenye kasoro. Ile nzima inamtosha. Mtoto akipokea kasoro kwa wote wawili, hupungukiwa rangi.

Kula naye hakuambukizi. Adui yake ni jua: linamchoma ngozi, mwisho hata kansa. Avae kofia pana na mikono mirefu. Haandiki upesi? Si mvivu. Macho yake ni dhaifu, ubao hauoni vizuri. Wewe unayekaa mbele, mpishe.