Programu ya Duka na PHP Mpya: Pima Kabla ya Kuhama

Chukulia una duka la jumla la vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Kompyuta ya kaunta imechoka, umenunua mpya. Fundi amekuwekea XAMPP ya kisasa, kifurushi kinachokuja na PHP, na kuhamishia programu ile ile ya mauzo unayoitumia tangu 2013. Asubuhi wateja wa mikoani wamejaa, unafungua programu, kioo cheupe. Hakuna kilichoibwa. Programu yako imekutana na toleo la PHP lisiloelewa baadhi ya maneno yake.

Kwa nini hutokea

PHP ni lugha inayotumika kuandikia programu zinazofunguka kwenye kivinjari, zikiwemo za mauzo na stoo. Programu hizo haziendi zenyewe. Husomwa na kutekelezwa na PHP iliyowekwa kwenye kompyuta. Ni kama karani wa stoo. Wa zamani alizijua alama zako zote. Ukiajiri mpya na kumpa karatasi ile ile, mzigo hautoki.

Maneno yaliyofutwa yanajulikana. Amri za mysql_, kama mysql_connect inayofungua kanzidata, ziliondolewa katika PHP 7.0 ya Desemba 2015. PHP 8.0 ya Novemba 2020 ikaondoa each na create_function. Programu inayozitegemea husimama pale pale, nawe unaona.

La kuogopwa zaidi ni badiliko la kimyakimya. Hadi PHP 7, nafasi iliyoachwa tupu ikilinganishwa na sifuri kwa njia ya kawaida ilihesabiwa kuwa sawa nayo. Kuanzia PHP 8.0, si sawa tena. Kama programu yako ilizuia kuuza kitu chenye bei ya sifuri, sasa inaweza kukiacha kipite kitu ambacho bei yake haikuandikwa kabisa.

Hatua za kufuata

1. Nakili kwanza. Fundi atoe kanzidata yote na folda ya programu, aziweke kwenye diski mbili, na moja isilale dukani. Moto wa Soko Kuu la Kariakoo wa Julai 10, 2021 ulitufundisha ubaya wa kuweka kila kitu chini ya paa moja.

2. Jua matoleo. Amri ya php -v huonyesha toleo lililopo. Liandike la zamani na jipya kwenye daftari.

3. Jaribu pembeni. Kompyuta ya zamani ibaki kaunta ikiuza. Mpya ifanyiwe majaribio nyuma.

4. Rudia siku nzima ya biashara. Ingiza mauzo ya jana yote: punguzo, mkopo, bidhaa iliyorudishwa, hata bei iliyoachwa wazi. Jumla za kompyuta zote mbili zilingane mpaka shilingi ya mwisho.

5. Hakiki risiti. Mashine za EFD, zinazotoa risiti za kodi, zimetumika nchini tangu 2010, na mauzo yasiyo na risiti ni kosa. Kama programu yako imeunganishwa na mfumo wa risiti za kodi, mshirikishe aliyekuunganishia kabla ya kuhama.

6. Hama siku duka limefungwa, na itunze kompyuta ya zamani angalau mwezi mmoja. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kubaki nyuma nako kuna gharama

Haya yote yasikupe hofu ya kusasisha. PHP 5.6 iliacha kupata marekebisho ya usalama mwisho wa 2018, na 7.4 Novemba 2022. Mwanya ukigunduliwa leo, hauzibwi tena na wanaoitengeneza PHP. Ikiwa marekebisho ya programu yatachukua muda, iondoe kompyuta hiyo kwenye intaneti na umpe fundi tarehe ya kumaliza.

Unaponunua programu, mkataba utamke kwamba utakabidhiwa maandishi yake asili yasiyofungwa, na useme nani atayarekebisha toleo jipya likija. Bila hayo, fundi wako akihama mji, hakuna mwingine atakayeweza kuitengeneza.

Ndugu mfanyabiashara, madeni ya wateja na hesabu ya mzigo wako vimo ndani ya kompyuta hiyo. Kabla fundi hajaigusa, mwulize swali moja: nakala iko wapi? Akishindwa kukuonyesha, kazi isianze.