Bei ya chambo: 25 kwa mia ya nini?



Tuseme koperative moja ya kando ya ziwa Tanganyika inatengeneza chambo cha uongo, ile ndoano iliyofungwa manyoya ya kuku na uzi ili kudanganya samaki. Ndoano ni franka 300, uzi na gundi 150, mkono wa mfungaji 250, usafiri, kodi ya soko na zile zinazoharibika 100. Jumla 800. (Wengi wanaacha mkono wa mfungaji, eti «ni sisi wenyewe tunafunga». Lakini saa hizo ungekuwa shambani!) Koperative inaongeza 25 kwa mia, inauza 1.000.

Sasa anakuja mama mchuuzi. Atabeba chambo 100, ila anaomba mumupunguzie 25 kwa mia. Mushika-sanduku anakubali: «Si tuliongeza 25? Tutarudia tu palepale.»

Hapana. Tuliongeza 25 kwa mia ya 800, ni franka 200. Mama anapunguziwa 25 kwa mia ya 1.000, ni franka 250. Analipa 750, koperative inapoteza 50 kwa kila chambo, franka 5.000 kwa mzigo wote. Faida ya 200 ni 25 kwa mia ukiangalia gharama, lakini ni 20 tu ukiangalia bei. Mukipunguza 20, munabaki na zero.

Kama wachuuzi ndio wateja wenu wakubwa, muhesabu kutoka nyuma. Munataka kubaki na 900 hata kisha kupunguza 20 kwa mia? 900 gawanya na 80, zidisha mara 100: bei ya kuandika ni 1.125. Mvuvi wa rejareja atailipa hiyo ao hapana, mumuulize kwanza pale ufukweni.

Tena kuna dola. Ndoano inatoka inje, inanunuliwa kwa dola, na chambo kinauzwa kwa franka. Franka ikishuka, ndoano ikafika 380, gharama ni 880 na faida inabaki 120. Sisi tunaona ni heri kupanga bei kwa ndoano mutakayonunua kesho, hata kama sanduku la leo lilinunuliwa rahisi. Wateja watanungunika, ndiyo. Lakini ukiuza kwa bei ya zamani, makuta haitatosha kurudisha sanduku lingine.

Zoezi la mkutano: gharama 1.200, bei 1.500, mchuuzi anaomba 15 kwa mia. Faida ni ngapi? Ni 75. Mwenye kupata 120 amepunguza juu ya gharama, arudilie hesabu.