Bustani Wakati wa Baridi Mlimani Meru



Masika yakiisha mwezi wa Mei, watu wengi wa Arusha na Meru husema, "Sasa ni baridi, bustani na ipumzike." Jembe hutundikwa, na matuta huachiwa magugu hata mvua za vuli. Neno hilo yafaa tulichunguze, maana nyumba nyingi hukosa mboga mwezi wa Septemba, si kwa kukosa ardhi, bali kwa kutoyajua majira haya.

1. Baridi yetu yatoka wapi?

Mwezi wa Juni jua liko upande wa kaskazini, na upepo wa kusi hutuletea hewa ya baridi yenye unyevu kutoka baharini. Hewa hiyo ikipanda mteremko wa mlima hupoa zaidi, na mawingu hutanda upande wa kusini, ndiko uliko mji wa Arusha. Upande wa pili, kama kule Ngare Nanyuki, mvua ni haba, kwa kuwa mlima umeyazuia mawingu. Tena sisi tuko juu: mji uko kadiri ya mita 1,400 juu ya bahari, na kila mtu apandapo mita 1,000 joto hupungua kadiri ya digrii 6. Ndiyo sababu mwezi wa Julai sisi twavaa makoti, na wenzetu wa Tanga hawana haja nayo.

Lakini baridi hii si ile ya Ulaya. Huko maji huganda ardhini, mizizi haiwezi kunywa, na miti mingi hupukutisha majani ikalala. Katika bustani za Arusha maji ya ardhini hayagandi. Mimea yetu hailazwi na baridi; hulazwa na kiu. Utazame mti uitwao mwamba-ngoma: hupukutisha majani wakati wa ukavu, kisha huchanua maua mekundu hali matawi yake yako wazi. Basi, adui wa bustani ya Julai si baridi, ni ukavu unaokuja nyuma yake.

2. Mboga wageni na mboga wenyeji

Kabichi, karoti na njegere zilitoka nchi za baridi, nazo hufurahia majira haya. Lakini liko jambo ambalo wakulima wengi hawalijui. Kwa desturi yake kabichi hufunga kichwa kwanza. Ikiisha kupitiwa na majuma mengi ya baridi kali, ndipo hutoa maua na mbegu. Karoti nayo ni vivyo hivyo. Baridi yetu yatosha kwa kichwa, wala haitoshi kwa mbegu. Mtu akiiacha kabichi yake shambani ili avune mbegu, kwa kawaida atangoja bure. Sharti anunue mbegu kila mara, naye atazame tarehe iliyoandikwa juu ya pakiti, maana mbegu iliyokaa sana haioti vema.

Mnavu, kunde na loshuu hazina shida hiyo. Hizi ni wenyeji, na mbegu zao hukomaa papa hapa. Chagua miche michache iliyo bora kupita yote, usiichume majani, iache hata mbegu zikomae. Kisha zikaushe kivulini na kuzitia katika chupa yenye kifuniko. Usidharau mboga hizi kuwa za kimaskini. Huko Tengeru, karibu na mji wetu, wataalamu wanazichunguza mboga za asili za Afrika na kuzitunza mbegu zake. Mwenye busara hupanda za namna zote mbili: kabichi kwa soko, na mnavu kwa chungu cha nyumbani.

3. Kazi zenyewe

Sia mbegu za kabichi kitaluni mwezi wa Mei. Baada ya majuma manne hata sita hamisha miche, ardhi ingali na unyevu wa masika. Changanya udongo na samadi iliyooza barabara, kwa maana samadi mbichi huunguza mizizi. Kisha tandaza majani makavu ya migomba juu ya tuta, ila yasiguse mashina. Majani hayo huzuia jua na upepo visinyonye maji ya ardhi, nayo yakioza huwa chakula cha mimea.

Mwagilia asubuhi, si jioni, kwa sababu majani yakilala na maji hushikwa na magonjwa. Viazi na nyanya huangamizwa na baka chelewa, ugonjwa upendao ukungu na ubaridi. Ndio ulioharibu viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na watu kadiri ya milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Mwaka 1885 Mfaransa Millardet alitangaza dawa ya mrututu na chokaa kwa ugonjwa wa mizabibu. Baadaye ilitumika kwa viazi pia. Ukiona mabaka meusi majani, ng'oa mche huo upesi, ukamwulize bwana shamba.

4. Maji ya mfereji

Mwezi wa Agosti maji hupungua. Aliye juu akiufungulia mfereji bustanini mwake usiku kucha, jirani wa chini huamka akakuta mchanga mkavu, na miche ya watoto wake imenyauka. Ugomvi wa namna hii umetenga ndugu na ndugu. Wazee walioichimba mifereji walijua hatari hiyo, ndiyo maana waliweka zamu. Tuta lililofunikwa majani hunywa maji kidogo kuliko tuta lililo wazi. Kwa hiyo, ndugu, ufunikapo tuta lako huitunzi bustani yako tu. Wamwachia jirani yako maji.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mimea ya Ulaya hulala wakati wa baridi, na yetu hulazwa na nini?
2. Kwa nini kabichi ya Arusha hufunga kichwa, lakini kwa kawaida haitoi mbegu?
3. Katika mfereji wenu, ni nani apataye maji mwisho? Mwezi wa Agosti hupata kiasi gani?