Tano Iliyosomwa Sifuri

Wengi hudhani mwalimu mwema wa hesabu ni yule akokotoaye upesi. Mimi sikubali. Hapa New Site, Juba, wamo wanafunzi walioanza kusoma kwa Kiarabu huko Khartoum, kisha wakaingia shule za Kiingereza, lugha rasmi ya Sudan Kusini tangu uhuru wa mwaka 2011. Katika tarakimu za Kiarabu tano ni kiduara, mfano wa sifuri yetu, na sifuri ni nukta tu. Sita nayo hufanana na saba!

Mwenzangu mmoja aliulizwa 45 kugawanya kwa 3. Akaandika kijiti na kiduara. Mwalimu akasoma kumi, akatia kosa kwa wino mwekundu, nasi tukacheka. Muhula mzima hakunyosha mkono tena.

Mwalimu aliyefuata aliona kosa lile lile, lakini yeye aliuliza, "Umepataje?" Akajibiwa: tatu mara kumi ni thelathini, zimebaki kumi na tano, nazo ni tatu mara tano. Kumbe jawabu la kwanza nalo lilikuwa sahihi. Siku ile tulinakili tarakimu za namna zote mbili, na mimi nilikosea sita mara tatu.