Mbwa Mwindaji Nyumbani: Kumlinda Yeye, Kuilinda Familia

*Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya zinazofuga mbwa*

Kwa nini tuzungumzie mbwa mwindaji

Awe Beagle aliyenunuliwa mjini, Basenji mwenye asili ya misitu ya Kongo, au mbwa wa kienyeji aliyezoea kufukuza sungura shambani, mbwa mwindaji huongozwa na pua na macho yake. Akinasa harufu ya mnyama, au ya jike aliye kwenye joto, hata umwite vipi haitiki. Huko anakokimbilia kuna magari, mitego, sumu, nyoka na mbwa wagonjwa. Akirudi, kupe, minyoo au virusi alivyookota anaingia navyo uani wanakocheza watoto. Ndiyo maana usalama wa mbwa huyu ni suala la afya ya kila anayeishi naye.

1. Ua na geti

Kagua uzio kila wiki, hasa sehemu ya chini, maana mbwa mwindaji anaweza kuchimba na kupita chini yake. Panga mawe au matofali kwenye msingi wa uzio, na wazoeze watoto na wageni kufunga geti kila wanapopita.

Usimfunge kwa mnyororo mfupi kutwa nzima. Mbwa anayefungwa hivyo huongezeka ukali, na akijaribu kuruka ukuta anaweza kujinyonga. Ikibidi kumfunga, tandaza waya mrefu na imara, uvishe pete, kisha kamba yake iteleze kwenye waya huo. Ahakikishiwe kivuli na maji safi wakati wote.

Mvishe mkanda wa shingoni wenye namba yako ya simu. Zungumza pia na daktari wa mifugo kuhusu kumhasi dume au kumfunga jike kizazi: dume aliyehasiwa hupunguza kuzurura na kupigana, na jike hazai watoto watakaoishia mitaani.

2. Chakula na sumu

Ugali, wali, dagaa na mabaki ya nyama iliyoiva vinamfaa. Visivyomfaa ni hivi:

- Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku. Huvunjika vipande vyenye ncha na kumchoma koo au utumbo.
- Vitunguu maji, vitunguu saumu, zabibu na chokoleti.
- Dawa za binadamu za kutuliza maumivu, kama parasetamoli, diklofenaki na ibuprofeni. Hata dozi inayomfaa mtu inaweza kumuua mbwa.
- Matumbo, mapafu na maini mabichi ya mbuzi, kondoo au ng'ombe. Yanaweza kuwa na vifuko vya maji vyenye tegu. Mbwa akila, tegu hukomaa tumboni mwake na mayai hutoka na kinyesi. Mayai hayo yakimwingia binadamu hujenga vifuko kama hivyo kwenye ini au mapafu, na mara nyingi tiba yake ni upasuaji. Turkana, kaskazini mwa Kenya, inafahamika kwa muda mrefu kuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi duniani. Viungo vyenye vifuko vichomwe moto au vifukiwe shimo refu asiloweza kufukua.

Sumu ya panya na dawa ya kuogeshea mifugo zifungiwe kabatini. Panya aliyekufa kwa sumu azikwe mara moja.

3. Kupe, viroboto na minyoo

Akitoka vichakani, mpapase mwili mzima: ndani ya masikio, shingoni, kwapani na katikati ya vidole. Kupe mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumminya. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma kwa kiberiti. Kupe huambukiza mbwa magonjwa ya damu. Homa, ufizi mweupe na kukosa hamu ya kula ni dalili za kumpeleka kwa daktari.

Mbwa mkubwa apewe dawa ya minyoo kila baada ya miezi 3. Watoto wa mbwa huanza wakiwa na wiki 2, kwa dozi atakayopanga daktari. Okota kinyesi kila siku na kukifukia. Watoto wa nyumbani wavae viatu uani, na wanawe kwa sabuni kila wamalizapo kucheza na mbwa.

4. Anapotoka nje

Mtembeze akiwa na kamba, asubuhi au jioni. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi. Hutegemea zaidi kuhema. Akihema kwa kasi isiyotulia, akatoka mate mazito na kuyumba, mpeleke kivulini, mlowanishe kwa maji, mpepee, kisha mwahishe kwa daktari. Usimwache ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika chache.

Akiumwa na nyoka, mzuie kutembea, mbebe hadi kwa daktari. Usimchanje wala usifunge kamba juu ya jeraha. Akitemewa sumu machoni na swila, msafishe macho kwa maji mengi mfululizo, kisha mpeleke akatibiwe.

Usiingie naye hifadhini. Mwaka 1994, virusi vya ugonjwa wa distempa, ambao pia hushambulia mbwa wa nyumbani, viliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti. Muulize daktari kuhusu chanjo ya ugonjwa huo.

5. Kichaa cha mbwa

Ugonjwa huu una kinga, lakini dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Hadi watu 99 kati ya 100 wanaoupata duniani huambukizwa na mbwa. Chanja mbwa wako afikishapo miezi 3, rudia kila mwaka, na utunze kadi yake. Kampeni ya chanjo ikifika mtaani, wapeleke wote, hata wachanga; mhudumu ndiye atakayeamua.

Pale angalau mbwa 70 kati ya 100 wanapochanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Pemba imeonyesha hilo: kampeni za chanjo ziliutokomeza kisiwani, zikalegea, ukarudi mwaka 2016, na chanjo zilipoanzishwa tena ukadhibitiwa.

Mtilie shaka mbwa mpole aliyegeuka mkali ghafla, au mkali aliyekuwa mnyonge, anayetoka mate, mwenye taya lililolegea au anayeshindwa kumeza. Usitie mkono kinywani mwake ukidhani amekabwa na mfupa.

Mtu aking'atwa, akiparuzwa, au akilambwa kwenye kidonda:

1. Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15.
2. Usipake pilipili, majivu wala mafuta ya taa.
3. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo na ukamilishe dozi zote za chanjo, hata kidonda kikipona.
4. Mjulishe afisa mifugo. Mbwa akifungiwa salama achunguzwe kwa siku 10. Asiuawe na kuzikwa kimyakimya.

Wafundishe watoto wasimguse mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha. Mbwa mgeni akiwasogelea, wasikimbie. Wasimame wima, mikono chini, wasimkazie macho.

Fanya haya wiki hii

- Ziba mianya ya uzio.
- Angalia tarehe kwenye kadi ya chanjo.
- Fungia sumu na dawa zote.
- Andika ukutani namba ya afisa mifugo na ya kituo cha afya.
- Mwulize jirani kama mbwa wake amechanjwa. Kama bado, nendeni pamoja, kwa sababu mbwa wenu hukutana kila siku na watoto wenu hucheza pamoja.