Toleo Jipya la Mwongozo wa Kompyuta: Linunuliwe Lini?

Bonasi ya chai inapowafikia wakulima wadogo wa Litein, Kapkoros na Mogogosiek, nyumba nyingi za Kericho na Bomet huketi kuigawa: karo, mbolea, deni la duka. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeandika tasnifu naye huwa na ombi lake. Kompyuta anayoitumia imebadilishiwa programu, na mwongozo aliorithi kwa kakaye haufanani tena na anachokiona kwenye skrini. Je, anunue toleo jipya? Makala haya yanalichukulia swali hilo kuwa la kiisimu kadiri lilivyo la kifedha, kwani mwongozo ni matini, na matini ya aina hii huchakaa kwa namna yake.

Mfano ulio wazi ni neno "Faili". Mwongozo wa Word 2003 ulimwelekeza msomaji afungue menyu ya Faili ili achapishe kazi yake. Katika Word 2007 menyu ziliondolewa, utepe ukashika nafasi yake, na neno hilo likatoweka; pahali pake palibaki kitufe cha mviringo chenye nembo. Word 2010 ikalirudisha. Kwa hivyo, agizo la kitabu cha 2003 lililokuwa limekufa lilipata uhai tena, ilhali lile la kitabu cha 2007 ndilo lililoanza kupotosha. Umri wa kitabu pekee hautoshi kuamua.

Mabadiliko mengine hayaonekani kwa jicho. Ni katika toleo hilohilo la 2007 ambapo kazi zilianza kuhifadhiwa kwa kawaida katika umbo la docx. Aliyeipeleka sura ya tasnifu katika saibakafe yenye Word 2003 isiyoongezewa kisaidizi cha kusomea umbo hilo hakuweza kuifungua, hata kama msimamizi alikuwa akiisubiri alasiri hiyo. Mwongozo wa zamani haungeweza kumtahadharisha.

Hata hivyo, zipo sehemu zisizozeeka. Ctrl+S huhifadhi na Ctrl+Z hutangua, leo kama zamani. Mitindo ya vichwa, ambayo huiwezesha programu kutunga orodha ya yaliyomo yenyewe, ilikuwapo katika Word 2003 na ingalipo. Anayekoleza vichwa kwa mkono, kisha akapanga nambari za kurasa kwa kubonyeza nukta mojamoja, atateseka katika toleo lolote lile. Mwongozo unaopita sura ya mitindo mbiombio na kujaza kurasa kwa picha za vitufe humuuzia msomaji kile hasa kitakachobadilika.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili tatizo lina tabaka jingine. Mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na katika muongo huohuo Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya programu zake. Istilahi hazikuwa zimetulia: Mkenya aliyefundishwa "tarakilishi" alikutana na "kompyuta" ya Mtanzania. Kasi nayo ni tatizo. Baina ya toleo la pili la Kamusi ya Kiswahili Sanifu (2004) na la tatu (2013), Word ilitoa matoleo matatu: 2007, 2010 na 2013. Mwandishi wa mwongozo wa Kiswahili anayengoja istilahi sanifu huchapisha kitabu cha programu iliyokwisha kuondolewa mezani. Asiyengoja hubuni zake, na msomaji akabebeshwa msamiati wa mtu mmoja.

Mwanafunzi wetu wa Litein, basi, aanze kwa kutazama nambari ya toleo la programu aliyowekewa. Ikiwa kitabu chake ni cha 2003 na programu ni ya baada ya 2007, gharama ina sababu, japo nakala ya mtumba ya 2010 yaweza kutosha. Ikiwa anacho cha 2010 na programu ni ya 2016, abaki nacho. Akiwa dukani, aweke orodha za yaliyomo za matoleo mawili sambamba na kutafuta sura mpya, si picha mpya. Na iwapo anatumia LibreOffice, iliyozaliwa na OpenOffice mwaka wa 2010, miongozo yake rasmi hupakuliwa bila malipo; iko kwa Kiingereza, lakini fedha za bonasi zitasalia kwa uchapishaji na ujalidi wa tasnifu.